Oksijeni ya Nyongeza

Oksijeni ya nyongeza ni gesi anayoibeba mpanda mlima katika mtungi mgongoni na kuivuta kwa barakoa, ili kuongezea ile anayoipata hewani. Wengine huiita "oksijeni ya chupa", ingawa chombo chenyewe ni mtungi uliojazwa gesi kwa mgandamizo mkubwa. Wengine husema "oksijeni ya ziada". Lakini ziada ni kile kinachobaki haja ikishatimia, na juu ya mita 8,000 haja hiyo haitimii.

Si kwamba uwiano wa oksijeni hupungua. Pwani na kileleni, hewa ina oksijeni takribani asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye kilele cha Everest, mita 8,849, mgandamizo ni kama theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo mno. Juu ya mita 8,000 mwili hauwezi kuzoea tena. Ndiyo maana eneo hilo huitwa ukanda wa mauti.

Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kileleni mwaka 1953 walitumia mitungi. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Peter Habeler walifika bila mitungi, jambo ambalo hadi leo hufanywa na wachache.

Katika barakoa, gesi ya mtungi huchanganyika na hewa ya nje. Kwa hiyo mpandaji hupata nafuu, kana kwamba yuko chini zaidi, lakini harudi pwani. Mtungi wa lita 4 uliojaa, ukifunguliwa kwa lita 2 kwa dakika, hudumu takribani saa 10. Ukifunguliwa kwa lita 4 kwa dakika, muda hupungua kwa nusu. Foleni karibu na kilele huila akiba hiyo huku mtu amesimama tu. Gesi ikimkatikia huko, nafuu yote humtoka ghafla, na safari ya kushuka bado inamsubiri.

Kilimanjaro, mita 5,895, hupandwa bila oksijeni ya nyongeza. Waongozaji wengi hubeba mtungi kwa dharura tu. Mtu akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko huvutishwa gesi huku akishushwa, na hata akichangamka haruhusiwi kuendelea kupanda, kwa sababu tiba yenyewe ni kushuka.