Ufundi wa Mashine katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika pwani hii, tangu Mtwapa na Kilifi hadi Malindi na Mambrui, kila chombo kilichoundwa kwa madini kimeishi na mahasimu watatu, nao ni chumvi ya bahari, unyevu wa hewa na joto la kaskazi. Na baada ya kuingia stima akaongezeka hasimu wa nne, ambaye ni umeme usiotulia. Mtu ambaye leo kompyuta yake ya nyumbani inazimika ghafula, mara kwa mara na bila ya onyo, hana budi kufahamu kwamba mashaka yake si mageni katika nchi hii, na kwamba kabla yake wametangulia mafundi wengi waliopambana na mahasimu hao hao kwa akili na subira.

Umeme wenyewe una tarikhi ndefu pwani. Kwa mujibu wa historia ya shirika la umeme la Kenya, mtambo wa umeme alioununua Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, mwaka 1875 ili kutia nuru kasri yake ndio uliohamishiwa Mombasa mwaka 1908 na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee. Na mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa ikaungana na ile ya Nairobi kuwa kampuni moja ya Afrika Mashariki. Lakini nyaya hazikufika kila mahali kwa wakati mmoja, na katika vijiji vingi vya Kilifi nuru ya usiku iliendelea kuwa ya kandili na karabai. Fundi wa zama hizo alikuwa wa cherehani, wa saa, wa karabai, na baadaye wa redio. Naye alijifunza mapema kwamba hapa kutu huanza pale nyaya zinapokutana, na kwamba chombo kilichokuja kutoka nchi za baridi lazima kitunzwe kwa desturi za nchi ya joto.

Ilhali watu wengi wa pwani walikuwa hawajapata kuiona kompyuta kwa macho, hesabu za anga zilikuwa zimekwisha kufika baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huko Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya maji, la San Marco kwa kurushia roketi na la Santa Rita kwa kuongozea kazi, na satelaiti yao ya kwanza kutoka hapo ikapaa tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikarushwa satelaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchungua miale ya eksirei itokayo mbinguni. Urushaji uliendelea hadi mwaka 1988. Basi asiseme mtu kwamba mashine za hesabu ni jambo la jana katika sehemu za Malindi. Vyombo vya elektroniki vilitunzwa juu ya mawimbi, katikati ya chumvi yenyewe, na vikafanya kazi.

Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikishirikiana na shirika la Wellcome Trust, ilifungua kituo chake Kilifi, na tangu mwaka 2000 kituo hicho kimekuwa kikiandikisha vizazi, vifo na uhamaji wa watu wanaozidi laki mbili, kazi ambayo haimkiniki bila ya kompyuta. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikafika Mombasa, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pwani kikapata hati yake kamili mjini Kilifi. Hapo kompyuta ikatoka maofisini ikaingia majumbani, na aghalabu iliyoingia ilikuwa ya mtumba, iliyokwisha kutumika Ulaya kwa miaka kadhaa.

Mashine hizo zilikuja na maradhi yao. Baina ya mwaka 1999 na 2007 viwanda vingi duniani vilitia katika kompyuta kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, zenye maji mabovu ndani yake, zikawa zikivimba vichwa na kuvuja kabla ya wakati wake. Na kwa kuwa kanuni ya mafundi husema kila joto linapozidi kwa nyuzi 10 umri wa kapasita hupungua kwa nusu, joto la Malindi likazidisha athari. Mafundi wa mtaani wakajifunza kuzitambua kwa macho, kuzing'oa na kulehemu nyingine mahali pake.

Kutokana na uzoefu huo umepatikana utaratibu ambao fundi mwema haupuuzi, nao huanza kwa suali kabla ya bisibisi: je, kompyuta inazimika wakati gani? Ikizimika baada ya kufanya kazi kwa muda, na mwili wake una moto, aghalabu sababu ni joto. Kwani prosesa imewekewa kipimo, na joto likikaribia nyuzi 100 hujizima yenyewe isiungue. Dawa yake ni kuchomoa waya wa stima, kupuliza vumbi, ambalo hapa hushika chumvi na unyevu likagandamana juu ya feni, na kupaka upya ile dawa ya kupitisha joto baina ya prosesa na chuma chake cha kupozea. Ikizimika pale taa za nyumba zinapofifia, kosa ni la stima iliyoshuka chini ya volti 240 zilizokusudiwa, na stebilaiza ndiyo kinga. Ikizimika inapoguswa, waya umelegea au umeshika kutu. Na ikiwa hayo yote yamethibitika kuwa salama, basi kitiliwe shaka kisanduku cha kugawa umeme kilichomo ndani ya kompyuta, ambacho kijaribiwe kwa kubadilishwa kingine kizima, wala asikifungue asiyekijua, maana kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

Kwa hiyo kompyuta inayojizima si lazima iwe imekufa. Mara nyingi inajilinda, na anayeiwasha tena kwa nguvu mara kumi bila ya kutafuta sababu ndiye anayeiua. Aidha kuitupa ni hasara mara mbili, kwa mwenyewe na kwa ardhi, kwa kuwa madini ya risasi yaliyomo katika nyingi ya mashine hizi ni sumu.

Maarifa haya hadi sasa yamehifadhiwa zaidi katika vifua na mikono ya mafundi wa vibanda vya Malindi na Kilifi kuliko katika vitabu. Ni wajibu wa vyuo vyetu vya ufundi kuwaita wazee wa kazi hii, kuyaandika wanayoyajua na kuyasomesha kwa vijana. Na ni wajibu wako, msomaji, kumlipa fundi kwa kuijua ila ya chombo, hata pale ambapo hakubadilisha kitu chochote.