Hesabu ya Gharika ya Mto Tana

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa mno zilinyesha katika Kenya, na Mto Tana, ushukao kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukafurika ukayafunika mashamba ya Wapokomo. Je, msomaji, hasara ya kijiji kimoja ungeihesabuje?

Huenda ukaanza na nyumba. Hiyo ndiyo hesabu nyepesi, kwani nyumba ya miti na udongo hujengwa tena. Jumlisha mahindi yaliyooza shambani; jumlisha na mbegu, maana kijiji kilichopoteza mbegu kimepoteza mavuno mawili. Mwembe ukianguka, usiandike bei ya mti tu, bali na maembe ya miaka yote ambayo mche mpya utakawia kuzaa.

Kisha yakupasa kutoa. Maji hayo hayo huleta tope lenye rutuba, na Mpokomo hupanda mpunga wake mahali yalipotuama. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lilipopunguza mafuriko, lilipunguza na neema hiyo. Basi mwenye kuandika hasara peke yake hajaumaliza ukurasa.