Utambuzi wa vyeti vya ufundi stadi nje ya nchi

Utambuzi wa vyeti vya ufundi stadi nje ya nchi ni utaratibu unaowezesha cheti cha fundi aliyefunzwa katika nchi moja kueleweka, kuhakikiwa na kukubaliwa na waajiri, vyuo na mamlaka za nchi nyingine. Unawahusu waashi, maseremala, mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji, mafundi magari, washonaji na wengineo. Siku hizi utaratibu huu unahusishwa zaidi na cheti cha kidijitali, yaani cheti kinachotolewa kama faili lenye muhuri wa kielektroniki wa taasisi iliyokitoa.

## Tatizo

Mwajiri anayepokea cheti cha kigeni huwa na maswali matatu: je, ni cha kweli? Ni cha ngazi gani? Na mwenye cheti anaweza kufanya kazi gani hasa?

Mfano ni Mwazye, kata ya Wilaya ya Kalambo katika Mkoa wa Rukwa, Tanzania. Wilaya hiyo inapakana na Zambia. Barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai inafika kwenye kituo cha mpakani cha Kasesya, na mji wa Mbala uko ng'ambo. Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili za mpaka. Hata hivyo mwashi anayevuka huingia katika nchi yenye sheria nyingine za mafunzo, majina mengine ya vyeti, na Kiingereza kama lugha rasmi.

Zamani ujuzi ulithibitishwa kwa kazi yenyewe. Wafipa walijulikana kwa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na mnunuzi aliweza kulishika jembe na kulipima kwa macho. Karatasi inahitajika pale mwajiri asipomjua fundi wala hajawahi kuiona kazi yake.

## Vyeti vya ufundi Tanzania

Mafunzo ya uanagenzi yaliwekewa sheria mwaka 1940, wakati wa utawala wa Uingereza. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ilitungwa mwaka 1974, na sheria ya mwaka 1994 ikaunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Tangu mwaka 2021 usimamizi wa ubora wa mafunzo hayo uko chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), wakati VETA inaendelea kutoa mafunzo.

Kwa miaka mingi mafundi walipimwa kwa majaribio ya ufundi ya madaraja matatu. Daraja la III lilikuwa la chini, na Daraja la I la juu kabisa. Baadaye ulianzishwa mfumo wa mafunzo yanayozingatia umahiri, wenye Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi ya ngazi ya 1 hadi 3. Hapa hesabu imegeuka: ngazi ya 1 ni ya mwanzo, na ngazi ya 3 ni ya juu. Kwa hiyo mwajiri asiyeijua historia hii anaweza kumwona fundi mzoefu wa Daraja la I kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na aliyeishia Daraja la III kama bingwa. Kenya nayo imekuwa na majaribio ya serikali ambayo Daraja la I ndilo la juu.

Mafundi wengi hawakusoma chuoni kabisa, bali walijifunza kwa fundi mwingine au kazini. Kwa ajili yao kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo, huelekezwa pale penye upungufu, kisha hupewa cheti.

## Cheti cha kidijitali

Cheti cha karatasi kwa kawaida hutaja jina, fani, ngazi na tarehe. Cheti cha kidijitali kinaweza kubeba zaidi: orodha ya kazi ambazo mwenye cheti amepimwa, namna alivyopimwa, muda wa mafunzo, na mahali cheti kinapoangukia katika mfumo wa tuzo wa nchi. Badala ya neno "Uashi" peke yake, msomaji huona kama fundi amepimwa kujenga msingi, kupiga lipu au kusoma ramani ya jengo.

Taasisi hukifunga cheti kwa muhuri wa kielektroniki unaotengenezwa kwa ufunguo wa siri. Mtu yeyote anaweza kuuhakiki kwa ufunguo wa wazi wa taasisi hiyo; herufi moja ikibadilishwa, uhakiki hushindwa. Hivyo mwajiri aliyeko Mbala hahitaji kuandika barua chuoni na kusubiri majibu. Msimbo wa QR uliochapwa kwenye karatasi unaweza kumfikisha kwenye ukurasa wa uhakiki, lakini msimbo peke yake si ushahidi, kwa kuwa mghushi anaweza kuchapa wake unaoelekeza kwenye tovuti ya uongo.

Tanzania inatambua saini za kielektroniki kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Taarifa za mwenye cheti zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

## Mfano wa Ulaya

Umoja wa Ulaya haukuzilazimisha nchi wanachama kuwa na vyeti vya aina moja. Mwaka 2008 ulipitisha Mfumo wa Tuzo wa Ulaya wenye ngazi 8, ambao kila nchi hulinganisha nao ngazi zake. Europass, iliyoanza mwaka 2005, ina kiambatisho cha cheti cha ufundi kinachoeleza ujuzi uliopatikana. Jukwaa lake jipya lilifunguliwa mwaka 2020, na mwaka 2021 kikaongezwa chombo cha kutoa vyeti vya kidijitali vyenye muhuri. Yaani ulinganifu wa ngazi ulitangulia, teknolojia ikafuata.

## Makubaliano ya kikanda

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za kitaaluma. Makubaliano ya kutambuliana yalitiwa sahihi kwanza kwa taaluma kama uhasibu, usanifu majengo na uhandisi. Mfumo wa tuzo wa Jumuiya wa mwaka 2015 unahusu elimu ya juu. Waashi na mafundi umeme wamebaki nyuma ya wahandisi wanaowasimamia.

Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo. Kwa wakazi wa Rukwa, chombo kinachoziunganisha nchi hizi mbili ni Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo mfumo wake wa tuzo wa mwaka 2011 una ngazi 10. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019.

## Mipaka ya cheti cha kidijitali

* Muhuri unathibitisha nani ametoa cheti, si ubora wa mafunzo. Chuo kibovu kinaweza kutoa cheti halali.
* Utambuzi wa cheti si kibali cha kazi wala cha ukaazi. Hivyo hutolewa kwa sheria za uhamiaji na ajira za kila nchi.
* Vyeti vya zamani vinahitaji kuingizwa katika kumbukumbu za kidijitali, la sivyo mafundi wenye uzoefu mrefu ndio watakaoachwa nje.
* Fundi asiye na simu janja anahitaji nakala ya karatasi inayoweza kuhakikiwa.
* Jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti na kitambulisho cha taifa linaweza kukwamisha uhakiki.

## Tazama pia

* Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi
* Wilaya ya Kalambo
* Jumuiya ya Afrika Mashariki
* Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika