Mlango wa Hiace kwenye barabara ya Kasapa

Ndugu wanafunzi, hatari ya kuvuka kwenda ma-home ina historia yake. Wabelgiji walituachia kuendesha upande wa kuume. Zambia, chini ya Waingereza, ilishika kushoto. Magari ya usukani wa kuume yakatuingilia kwa wingi kupitia Kasumbalesa. Mimi ni wa kilimo, si wa makanika, lakini angalieni Hiace hizo: mlango wa abiria uko kushoto, ulitengenezwa ufunguke pembeni mwa barabara. Huku kwetu unafunguka katikati ya njia! Njo maana mwanafunzi anashukia mbele ya pikipiki kabla hata hajaanza kuvuka. 2014 serikali ilikataza kuingiza magari hayo. Yaliyokuwa ndani yakabaki. Komite yetu iombe kituo kisogezwe ndani ya kampasi.