Dakika za Moyo, Kilomita za Kusini

Mwaka 1935 Leader Stirling, daktari mpasuaji kutoka Uingereza, alifika Lulindi, kwenye misheni ya Kianglikana ya UMCA katika nchi ya Masasi, kusini mwa Tanganyika, akaanza kazi katika hospitali ya kuta za udongo na paa la nyasi. Kule Ndanda, Sista Thekla Stinnesbeck wa Wabenediktini alikuwa akitibu tangu 1927. Watu waliwaendea kwa buba, ukoma, ngiri na uzazi uliokwama. Moyo haukuwa na fundi. Wakati huo hakukuwa na mpasuaji popote duniani aliyeweza kuusimamisha, akautengeneza, kisha akauamsha. Mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu ilifaulu kwa mara ya kwanza mwaka 1953, Marekani, mikononi mwa John Gibbon.

Jambo moja wapasuaji walilijua vizuri: kila kiungo kina muda wake wa kuvumilia kukosa damu. Mguu uliofungwa mpira wakati wa upasuaji huvumilia saa nzima na zaidi. Ubongo, dakika chache tu. Msuli wa moyo ukinyimwa damu kabisa, seli zake huanza kufa baada ya dakika 20 hivi.

Hesabu hiyo ilipata sura mpya mwaka 1986. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walibana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakauachia kwa dakika 5, wakafanya hivyo mara 4. Kisha wakaubana dakika 40 mfululizo. Mtu angetarajia moyo uliosumbuliwa kiasi hicho uumie zaidi. Haikuwa hivyo. Sehemu iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile ya mbwa waliobanwa mara moja bila kutayarishwa. Moyo ulikuwa umepunguza kasi ya kutumia akiba yake ya nguvu. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba seli zenye dhiki hutoa kemikali iitwayo adenosini, nayo huamsha ulinzi unaofika hadi kwenye mitokondria, vinu vya nguvu vya seli. Ulinzi huo hudumu saa moja au mbili, hufifia, kisha hurudi siku inayofuata ukiwa na nguvu pungufu.

Dalili za ulinzi huo zilionekana zamani. William Heberden, tabibu wa London wa karne ya 18, ndiye aliyeeleza kwa ufasaha maumivu ya kifua yanayomshika mtu akitembea, hasa akipanda kilima, na kumwachia akisimama. Alimtaja mgonjwa aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Hata leo wapo ambao kifua huwabana kwenye mwinuko wa kwanza, wakapumzika kidogo, wakaupanda wa pili bila maumivu. Watu wa Newala wanajua mwinuko ni nini. Kabla mabomba ya maji hayajafika kwenye uwanda wa Makonde miaka ya 1950, wanawake waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani.

Lakini jaribio la Duke lina sehemu ya pili, na kwa Masasi hiyo ndiyo nzito zaidi. Mshipa ulipobanwa kwa muda wa saa 3, faida yote ilitoweka. Moyo uliotayarishwa na usiotayarishwa ulikufa sawasawa. Ulinzi ule huahirisha madhara tu. Mshipa usipofunguliwa mapema, msuli hufa.

Kusini haikuwa na mapema hiyo. Barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji, magari yakavushwa kwa pantoni, na masika yakafunga njia kwa muda mrefu. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Toka Masasi hadi hapo ni zaidi ya kilomita 500.

Wataalamu walijaribu kuugeuza ugunduzi wa Duke kuwa tiba. Walivimbisha mkanda wa kupimia presha mkononi mwa mgonjwa, wakauachia, wakarudia, wakitumaini kwamba dhiki ya mkono itauandaa moyo kabla ya upasuaji. Majaribio mawili makubwa ya Uingereza na Ujerumani yalichapishwa mwaka 2015. Wagonjwa hawakupata nafuu yoyote ya ziada.

Kwa hiyo kazi inabaki palepale Stirling alipoifanya, na alipoisimamia akiwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980, zahanati na vituo vya afya vilipokuwa vikijengwa vijijini: kuisogeza huduma karibu. Maumivu ya kifua yanayokuja na kuondoka yanastahili kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, yakiwa bado yanaondoka. Kwa mtu wa Masasi mlango wa kwanza ni Hospitali ya Mkomaindo. Kipimo cha umeme wa moyo, aspirini ya kutafuna na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda havihitaji chumba cha upasuaji. Vinahitaji mgonjwa afike, na avikute vipo.