Hayawani Wanyonyeshao wa Mwituni katika Nchi ya Marambo

Marambo, yaani nchi ya Nachingwea na Ruangwa iliyo bara ya mji wa Lindi, ni maskani ya hayawani wa mwituni wa jinsi nyingi, na katika hao jamii iitwayo mamalia hupambanuka kwa maziwa ambayo jike huwanyonyesha watoto wake, na kwa nywele ziotazo mwilini, japo haba. Damu ya joto wanayo hata ndege, basi hiyo peke yake haitoshi kuwa hoja.

Umbo la nje halina ushahidi wa kutegemewa. Popo huruka, wala si ndege. Kakakuona, aliyevikwa magamba tangu utosini hadi ncha ya mkia, hudhaniwa na wengi kuwa nduguye kenge. Walakini magamba yale ni ya asili moja na kucha na nywele, na tumboni, pasipo na magamba, huota vinyweleo. Huzaa mtoto mmoja, akamnyonyesha, kisha akampakia juu ya shina la mkia aendapo usiku kutafuta mchwa na sisimizi, awalao kwa ulimi mrefu wenye kunata, maana hana jino hata moja.

Ndovu huchukua mimba miezi 22, na chuchu zake mbili zi kifuani, baina ya miguu ya mbele. Kinyume chake kwa kimo ni komba wa Rondo, ambaye wataalamu walimtambulisha mwaka 1996: uzani wake ni kama gramu 60, na mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Makao yake ni misitu michache ya pwani ya Tanzania, nayo ikikatwa hana pa kuhamia.

Mwenye madhara makubwa kwa mkulima ni nguruwe mwitu, afukuaye mihogo na karanga usiku, hata watu hulazimika kulala shambani katika madungu na vibanda. Naye simba humfuata nguruwe mpaka huko huko. Tangu 1990 hadi 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, wengi wao katika mikoa ya kusini, na aghalabu msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Kwa sababu hiyo wataalamu walioupeleleza msiba huo walishauri kwamba nguruwe ndio wapunguzwe kwanza.