Selimundu: jina la umbo

Neno selimundu, jina la ugonjwa wa damu, limeunganisha seli na mundu, na mkulima huliona mara moja umbo linaloziba mishipa ya damu. Hata hivyo, neno hilo linataja matokeo. Chanzo ni jeni: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino moja kati ya 146 imebadilika, na protini hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikamana na kuikunja seli. Je, jina lieleze yote? Hapana, lakini umbo peke yake halimzuii mtu kumlaumu mama wa mgonjwa, ilhali kwa kawaida mgonjwa amerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Aliyerithi jeni moja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria, kama mtafiti Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954, baada ya kuikuta imeenea kandokando ya Ziwa Victoria.